Ngao ya Valheim huanzia kwenye chakula

Lalamiko ninalolisikia sana hapa Wete, kwa wapwa zangu na wenzao wanaokuja kwangu kucheza Valheim baada ya Isha, ni hili: "Mjomba, ngao hii haikingi." Kitufe cha kukinga kimeshikwa, ngao iko mbele, zimwi la buluu limepiga mara moja na mtu yuko chini. Ngao imekinga vizuri tu. Lakini Valheim, gemu ya kampuni ya Iron Gate ya Sweden iliyotoka Februari 2021, haihesabu ngao peke yake. Inahesabu ngao, pumzi na tumbo lako, na tumbo ndilo linalosahauliwa.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kila ngao ina nguvu yake ya kukinga. Pigo likija, gemu hupunguza pigo kwa kadiri ya nguvu hiyo, na kinachobaki ndicho kinachokufikia, baada ya kupunguzwa tena na mavazi yako ya vita. Hapo wengi huishia. Kumbe kile kilichobaki huingia pia kwenye kipimo cha pili, kipimo cha kuyumba. Kipimo hicho kikijaa, mhusika wako anapepesuka, ngao inahesabika kama haikuwepo, na pigo zima linakuingia mwilini, likipunguzwa na mavazi tu.

Kipimo cha kuyumba ni asilimia 40 ya uhai wako wote. Na uhai wako wote unatokana na ulichokula. Asiyekula kitu ana uhai 25 tu, kwa hiyo anavumilia mabaki ya 10 basi. Aliyekula vizuri akafika 80 anavumilia 32. Tuseme pigo la zimwi ni 60, na ngao yako pamoja na mbinu yako imetoa 40. Yamebaki 20. Mwenye njaa anapepesuka na kubebeshwa 60 yote, mavazi tu yakimpunguzia, na kwa uhai 25 hapo ni rahisi kufa. Aliyeshiba anasimama, na ile 20 bado inapunguzwa na mavazi. Ngao ni ile ile, mkono ni ule ule. Ndiyo maana nawaambia vijana: kabla ya kutoka nyumbani, jaza nafasi zote tatu za chakula. Nyama ya kulungu iliyochomwa, asali na matunda ya porini yanatosha kabisa kwa mwanzo, na vyote vinapatikana bila safari ndefu. Vyakula viwe vya aina tatu tofauti, maana huwezi kula kimoja mara mbili kwa pamoja.

Sasa mbinu. Kukinga kuna namna mbili. Unaweza kushika kitufe na kungoja, au ukabonyeza pale pale pigo linapofika. Hii ya pili ndiyo kupangua, na muda wake ni robo sekunde tangu ubonyeze. Aliyewahi kutazama kirumbizi, ule mchezo wa kupigana kwa fimbo, anaijua: fimbo ya kujikinga hainyanyuliwi mapema, huinuliwa fimbo ya mwenzio inaposhuka. Ukishika kitufe tangu adui yuko mbali, robo sekunde imeshapita na umebaki na kukinga kwa kawaida. Tazama bega la adui, usitazame silaha yake.

Faida ya kupangua ni kubwa mno. Ngao ya duara inazidishwa nguvu mara 1.5, na ile ngao ndogo ya mkononi mara 2.5. Hivyo ngao ndogo yenye nguvu 16 inafika 40. Juu ya hapo, adui wa kawaida uliyempangua anayumba yeye, na kila pigo utakalompiga akiwa anayumba linaingia mara mbili. Kwangu mimi huo ndio uzuri wa gemu hii: mtu mwenye ngao ya shaba anamwangusha aliyemzidi kimo mara tatu.

Ngao ndefu haipangui kabisa. Inakinga sana, inapunguza mwendo wako, na kazi yake ni kusimama mbele ya wapiga mishale au kuziba njia nyembamba ndani ya mahandaki. Mchezaji mpya huichagua kwa sababu ya ukubwa. Mimi humshauri achukue ya duara kwanza, kisha ndogo mkono ukishazoea.

Pumzi nayo. Kila pigo linalokingwa linakula pumzi, kadiri ngao ilivyopokea. Pumzi ikiisha, kukinga kunakatika hapo hapo. Tena ukiwa umeinua ngao, pumzi inarudi polepole. Kwa hiyo usikimbie hadi ukaishiwa ndipo ugeuke kupigana, na usikae umeinua ngao wakati hakuna anayekupiga. Na geuza uso kwa adui: anayekupiga mgongoni, ngao haimhusu.

Mahali pa kujifunzia ni malishoni, kwa nguruwe mwitu na Greyling, wale viumbe wadogo dhaifu wa gemu hii, mmoja mmoja. Mapigo yao ni madogo, kwa hiyo ukikosea unaumia kidogo tu, na kila ukikinga ujuzi wa kukinga unapanda. Ukipangua unapanda mara mbili zaidi. Ujuzi ukifika 100, nguvu ya ngao inaongezeka kwa nusu. Ukifa ujuzi unapungua, kwa hiyo mazoezi na fujo visichanganywe. Ngao ikichakaa itengeneze kwenye meza yake ya kazi. Matengenezo ni bure, hayahitaji hata kipande cha mti.

Mkicheza wengi, jambo la kujua ni kwamba maadui hupata nguvu zaidi kadiri wachezaji walio karibu wanavyokuwa wengi. Pigo ulilolizoea ukiwa peke yako litakuwa zito. Mpangeni mmoja apangue, wengine wakae ubavuni wakingoja adui ayumbe, na huyo wa mbele ndiye apewe chakula bora kuliko wote.