Kuandaa shindano la runinga la kuona na kukumbuka, kwa vipande vya filamu za zamani

Washiriki wanaonyeshwa kipande cha filamu, skrini inazimwa, kisha wanaulizwa walichokiona. Ugumu wote uko kwenye kutunga swali.

Kata kipande cha sekunde 60 hadi 90. Kifungue kwa VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, bonyeza herufi E picha isogee moja moja, uone kitu unachotaka kuulizia kimekaa muda gani. Kisipofika sekunde 3, kiache, maana hapo watu watabahatisha tu. Chagua kitu cha pembeni: wahusika wakigombana mezani, wewe ulizia saa ya ukutani. Ila usiulize "ilikuwa saa ngapi". Mshale mfupi ukiwa kwenye 3, mmoja atasema tatu, mwingine tisa, na hakuna aliyekosea. Uliza mshale ulikuwa kwenye namba gani. Kushoto na kulia nako kuna ubishi huohuo, mkono wa mwigizaji au wa mtazamaji? Sema "upande wa skrini ulio karibu na mlango wa ukumbi". Rangi usiulizie kabisa kwenye filamu nyeusi na nyeupe.

Jaribu kila swali kwa watu 4 wasiojua kipande. Wote wakipata, ni jepesi mno. Wote wakikosa, litupe.

Filamu nyingi za kabla ya miaka ya 1950 zina umbo karibu na 4:3, yaani upana 4 kwa kimo 3. Ukilazimisha picha ijaze skrini ya 16:9 bila kuivuta, robo yake inakatwa juu na chini, na kofia uliyopanga kuulizia inakwenda nayo. Acha weusi pembeni. Sinema bubu ikikimbia, punguza kasi hadi 0.75, kwani nyingi zilipigwa kwa picha chini ya 24 kwa sekunde. Uzee wa filamu peke yake si kibali. Haki zake ziulizie COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, mapema.

Kwa Dodoma, rekodi kuanzia saa moja usiku. Jua la mchana linapenya pazia na picha inapauka. Kiangazi, safisha kichujio cha projekta kabla ya kila kipindi. Vumbi likikiziba, mashine inachemka na kujizima. Umeme ukikatika kipande kikiwa hewani, usikirudie, wameshaona nusu. Weka viwili vya akiba.

Majibu yaandikwe kwenye vibao ndani ya sekunde 10 na kuinuliwa kwa pamoja, wasiigane. Jibu sahihi la mara ya kwanza lina alama 10, la baada ya kipande kurudiwa lina alama 5. Kwenye karatasi ya mwamuzi, kando ya kila jibu, andika dakika na sekunde linapoonekana. Mtu akipinga, rudisha picha palepale ukumbi mzima uone.