Somo: Jinsi ya kuomba video ya kamera ya kifuani ya polisi hapa Michigan

Tarehe 4 Aprili 2022, Patrick Lyoya, kijana wa Kongo wa miaka 26, aliuawa kwa risasi na polisi mjini Grand Rapids. Kamera ya kifuani ya afisa yule ilizimika kwenye purukushani, kabla risasi haijalia. Mkuu wa polisi alieleza kwamba ili izime, kitufe hubanwa sekunde 3. Rafiki aliyekuwa naye garini ndiye aliyerekodi kwa simu. Mji ulitoa video zote tarehe 13, huku watu wakiandamana. Wewe uliyesimamishwa tu barabarani hutakuwa na waandamanaji, kwa hiyo fuata hatua hizi.

1. Siku hiyohiyo andika saa, mtaa, namba ya gari la polisi, na jina au namba ya beji. Namba ya ripoti ukiipata, kazi imekuwa nyepesi.

2. Kama ulionewa, peleka malalamiko rasmi kwa maandishi upesi. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Sheria namba 85 ya 2017 inawataka polisi watunze rekodi zenye ushahidi kwa siku 30 tu, lakini inayohusu malalamiko rasmi hukaa angalau miaka 3. Ukingoja kesi ya trafiki iishe kwanza, huenda ukakuta imeshafutwa. Baki na nakala yenye tarehe.

3. Andika ombi la FOIA, yaani sheria ya kupata kumbukumbu za serikali. Weka jina, anwani, na simu au barua pepe. Omba kamera za maafisa wote waliofika, pamoja na ya gari, na uandike "rekodi nzima tangu mwanzo". Kamera nyingi huhifadhi nusu dakika hivi ya kabla ya kubonyezwa, bila sauti, na mara nyingine ugomvi umeanzia humo.

4. Wana siku 5 za kazi kujibu, na wanaweza kujiongezea 10. Makadirio ya gharama yakipita dola 50, wanaruhusiwa kudai hadi nusu kwanza. Mwenye kipato duni akila kiapo cha maandishi husamehewa dola 20 za mwanzo.

5. Wakikataa, lazima waseme sababu kwa maandishi. Kata rufaa kwa mkuu wa taasisi, au nenda mahakamani ndani ya siku 180.

MASWALI

Lansing: Kaka, polisi waliingia nyumbani kwa jirani yangu. Naweza kumwombea?
Jibu: Hapana, dada. Ya ndani ya nyumba ya mtu huomba aliyerekodiwa, aliyechukuliwa au kuharibiwa mali, mzazi au mlezi wa kisheria, ama wakili wao. Mwelekeze aombe mwenyewe.

Kalamazoo: Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Mwanangu aniandikie?
Jibu: Aandike, mama, ila jina na anwani viwe vyako. Mistari mitano inatosha. Usianze kusimulia kisa chote humo, hasa kama una kesi. Hayo mwambie wakili.

Grand Rapids: Yule afisa alifungwa?
Jibu: La. Alishtakiwa kwa mauaji ya daraja la pili. Mei 2025 baraza la wazee wa mahakama lilishindwa kukubaliana, na mwendesha mashtaka akaamua kutorudia kesi.

Holland: Kwani si kila polisi lazima avae kamera?
Jibu: Sheria 85 haimlazimishi yeyote kuinunua, inahusu rekodi za walio nayo. Uliza kituo cha kwenu kabla ya kuandika ombi.