Unauza ploti Nairobi? Piga hesabu ya kodi ya faida kwanza

Jamani, msikimbie kuuza ploti kabla ya kupiga hesabu ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Tangu Januari 2023 kodi ya faida ni asilimia 15, zamani ilikuwa 5, na inakatwa kwa faida, si kwa bei yote.

Mfano, ulinunua ploti Ruai 4,000,000, ushuru wa stempu 160,000, wakili 80,000, ukajenga ukuta wa 260,000, sasa unauza 6,500,000 na broka anachukua 200,000. Toa zote hizo, faida inabaki 1,800,000, kodi 270,000. Ukipoteza risiti, ukabaki na ya bei ya kununua tu, utalipa 375,000, yaani 105,000 imeenda hivihivi tu, kwa hivyo hata ile karatasi ya fundi iliyokunjana kwa droo piga picha uweke.

Usilipe kama nyumba ni yako na umekaa humo miaka 3 mfululizo kabla ya kuuza, au ni ardhi yako binafsi unayouza kwa bei isiyozidi milioni 3. Kumhamishia mke au mume pia hakuna kodi.

Kulipa ni kwa iTax, tovuti ya KRA, toa namba ya malipo, lipa kwa M-Pesa au benki, ukishapokea hela yote ama kabla hati haijasajiliwa, chochote kitakachotangulia. Anayelipa ni muuzaji, mnunuzi ana ushuru wake wa stempu.