Injini ya mipigo miwili isiyotulia kwenye sailensi (mlio wa chini, akseleta ikiwa imeachiwa): jinsi ya kuitafuta kasoro kabla ya kugusa kabureta

Pikipiki ya motokrosi yenye injini ya mipigo miwili inapozima kila ukiachia akseleta, au inapobaki ikinguruma juu na kukataa kushuka, mkono hukimbilia bisibisi. Naomba uuzuie kwanza. Katika injini hii oili inayolainisha pistoni, silinda na beringi za kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) husafiri ndani ya petroli yenyewe, kwa hiyo mchanganyiko ukiwa mwepesi, yaani hewa nyingi na petroli kidogo, joto la pistoni hupanda wakati uleule ambao ulainishaji unapungua. Ukizungusha skrubu ya kabureta mpaka injini itulie huku sababu ya wepesi huo ikiwa bado ipo, pistoni inaweza kukwama ndani ya silinda ukiwa kwenye mwendo.

Anza na mambo mepesi. Mwaga petroli iliyolala tanki kwa miezi, kwa maana huacha utando unaonata ndani ya vitundu vya kabureta, kisha uchanganye mpya kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Kipimo cha 32 kwa 1 ni takriban mililita 31 za oili kwa kila lita ya petroli, na cha 40 kwa 1 ni mililita 25. Wapo wanaoongeza oili wakidhani wanaufanya mchanganyiko kuwa mzito. Kinyume chake ndicho hutokea, kwa sababu oili hiyo ya ziada huchukua nafasi ya petroli. Safisha chujio la hewa, weka plagi mpya, kisha, gia ikiwa huru na injini inanguruma, zungusha usukani kutoka kushoto hadi kulia. Mlio ukipanda usukani ukikatwa upande mmoja, waya wa akseleta umevutika na unahitaji kulegezwa.

Baada ya hapo, sikiliza. Pasha injini moto, ipige akseleta kidogo na uiachie ghafla. Ikiwa mlio unaning'inia juu kwa sekunde kadhaa kabla ya kushuka, mchanganyiko ni mwepesi. Ikiwa unashuka haraka kupita kiasi, injini ikagugumia na kukaribia kuzima, mchanganyiko ni mzito. Mlio unaopanda na kushuka wenyewe bila kuguswa, leo hivi na kesho vile, mara nyingi ni dalili kwamba hewa inaingia mahali isipotakiwa, na hapa ndipo ninapoomba uvumilivu mkubwa zaidi.

Kasha la kranki la injini ya mipigo miwili hufanya kazi ya pampu: pistoni inapopanda huvuta, na inapokuwa imevuta, ufa wowote hugeuka mlango wa hewa. Kagua mpira unaounganisha kabureta na injini kwa kuukunja kwa vidole, kwa sababu nyufa zake hujificha kwenye mikunjo na hazionekani ukiwa umenyooka. Kisha, injini ikiwa kwenye sailensi, nyunyizia maji kwa ukungu mwembamba kuzunguka mpira huo, gasketi ya vali za ulimi (vibamba vinavyoruhusu mchanganyiko uingie bila kurudi) na kitako cha silinda, ukisubiri kidogo kila mahali. Mlio ukibadilika pale maji yalipogusa, umeipata njia ya hewa. Wengi hutumia dawa ya kusafishia kabureta kwa jaribio hili, lakini dawa hiyo inashika moto upesi na ekzosi iko karibu, maji yanatosha.

Sili za kranki, yaani mipira inayoziba ncha zake mbili, ni ngumu zaidi kuzifikia. Sili ya upande wa magneto (kizalisha umeme wa plagi) ikichoka huvuta hewa kavu na kuifanya injini iwe nyepesi. Ya upande wa klachi huvuta oili ya gia, ndipo utaona moshi mweupe usiokwisha na kiwango cha oili ya gia kikipungua bila tone kudondoka chini. Jibu la uhakika hutoka kwa fundi mwenye vifaa vya kuziba milango ya injini na kujaza hewa ya takriban psi 6. Injini isiyovuja hushikilia shinikizo hilo, ikipoteza kwa kiasi kidogo sana katika dakika moja.

Injini ikikimbia yenyewe na swichi isiweze kuizima, vuta choki. Ukiwa juu ya pikipiki na magurudumu yako ardhini, bana breki, ingiza gia ya juu na uachie klachi ili izime.

Hewa ikishathibitika kuwa haivuji, ndipo kabureta ifunguliwe. Funga petroli, toa bakuli la chini na uchomoe jeti ndogo, ambayo ndiyo huilisha injini kwenye sailensi. Iinue uielekeze kwenye mwanga: kitundu chake, ambacho kwa kawaida hakifiki hata milimita moja, kinapaswa kuonekana kama nukta ya duara iliyo wazi kabisa. Ukiona nukta yenye kingo za hudhurungi, au mwanga unaopita upande mmoja tu, hiyo inatosha kuiua sailensi ya pikipiki iliyo nzima kila mahali pengine. Iloweke kwenye dawa na uipulize kwa kompresa. Usichokonoe kwa waya wa chuma, kwa sababu shaba ni laini na kitundu kikipanuka hakirudi. Pulizia pia njia zote za ndani ya kabureta. Ikiwa petroli humwagika kwenye bomba la kufurikia, kagua ncha ya sindano ya boya, kwani mara nyingi huwa na mfereji uliolika kuizunguka.

Sasa bisibisi ina kazi. Hakikisha kwanza kwamba skrubu ya mchanganyiko iko upande wa chujio, yaani ni ya hewa. Iliyo upande wa injini kwa kawaida hupima petroli na huenda kinyume cha maelezo haya. Ifunge taratibu mpaka iguse, bila kuikaza, kisha uifungue mzunguko mmoja na nusu. Injini ikiwa ya moto, inua mlio kidogo kwa skrubu ya sailensi, halafu zungusha ya hewa robo kwa robo, ukisubiri kila mara, mpaka upate mahali ambapo mlio uko juu na umetulia. Rudisha sailensi chini na upime tena kwa akseleta. Mahali hapo pakiwa chini ya mzunguko mmoja, jeti ndogo haitoshi na inahitaji kubwa zaidi. Pakizidi miwili na nusu, jeti ni kubwa mno. Andika idadi ya mizunguko pamoja na hali ya hewa ya siku hiyo, kwa kuwa asubuhi ya baridi hewa huwa nzito na hudai petroli zaidi, na ukipanda milimani hewa hupungua, ikabidi mchanganyiko upunguzwe petroli.