Kuipamba Nyumba kwa Picha za Kale

Kabla ya kushika nyundo, iweke picha mezani uitazame mbele na nyuma, kwa kuwa mahali itakapotundikwa panategemea imetengenezwa kwa kitu gani. Mchoro wa rangi za mafuta juu ya turubai huuvumilia mwanga kuliko mchoro wa rangi za maji. Mabango ya mwishoni mwa karne ya 19 yalichapwa mara nyingi kwenye karatasi ya bei rahisi iliyotengenezwa kwa mbao, na karatasi hiyo ina asidi inayoigeuza manjano na kuifanya ikatike kingoni hata kama hakuna aliyeigusa.

Kioo cha kukuzia kitakuonyesha kama ulichonacho ni chapa ya zamani au nakala ya juzi. Chapa ya litografia, mbinu ya kuchapa picha iliyochorwa juu ya jiwe bapa, aliyoivumbua Alois Senefelder huko Ujerumani karibu na mwaka 1796, huonyesha chembechembe zisizo na mpangilio, kama alama za kalamu ya nta juu ya jiwe, ilhali nakala nyingi za kisasa hufichua vitone vya rangi vilivyojipanga kwa utaratibu. Chapa ya bamba la shaba nayo huacha mfinyo kuizunguka picha, na ukipitisha kidole kando yake utausikia. Nakala haina aibu yoyote. Mimi huitundika kwa amani pale ambapo nisingethubutu kuweka picha halisi, kama vile ukuta unaopigwa na jua la asubuhi.

Karatasi ya kale isigusane na kioo cha fremu, kwa sababu unyevu ukijikusanya hapo picha hunata na huweza kupata koga. Dawa yake ni kuizungushia kadibodi isiyo na asidi, ambayo huacha nafasi ndogo kati yake na kioo. Selotepu usiikaribishe kabisa. Niliwahi kuitumia nyuma ya ramani ya zamani nikidhani haitaonekana, na baada ya miaka michache mistari miwili ya rangi ya chai ilijitokeza upande wa mbele, juu ya bahari. Fremu ya awali, hata ikiwa na mikwaruzo, ibakize endapo bado ni imara, maana rangi iliyofifia ya mbao huafikiana na picha kuliko dhahabu inayong'aa.

Kuhusu mahali, epuka bafu, ukuta wa juu ya jiko na ukuta wenye unyevu. Majumba mengi ya makumbusho huangazia kazi za karatasi kwa mwanga hafifu wa takribani laksi 50 tu (laksi ni kipimo cha mwanga). Nyumbani si lazima ufike huko, lakini korido isiyo na dirisha, ambayo watu huidharau, ndiyo makazi bora ya michoro ya rangi za maji.

Katikati ya picha pawe kiasi cha sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, na ikiwa iko juu ya sofa, acha sentimita 15 hadi 20 kati ya fremu na mgongo wa sofa, la sivyo itaonekana kama inaelea peke yake. Picha kadhaa zikikaa pamoja, kata magazeti kwa vipimo vya fremu zake, uyabandike ukutani kwa gundi nyepesi, kisha ukae nayo siku mbili tatu ukiyahamisha hadi jicho lako likubali. Kuchanganya enzi hakuna ubaya, ila kitu kimoja kiziunganishe, iwe rangi, somo au upana wa nafasi kati ya fremu na fremu. Mimi huanza na picha kubwa kuliko zote, nikiiweka pembeni kidogo ya kitovu cha kundi. Fremu nzito itundike kwa ndoano mbili, nayo haitapinda kila mlango unapofungwa kwa nguvu.

Unapofuta vumbi, nyunyizia dawa kwenye kitambaa wala si kwenye kioo, kwa maana maji huteremka na kupenya ndani ya fremu. Fremu za mbao zitazamwe pia kwa chini: ukikuta vitundu vidogo na unga mpya, bungua wamo ndani, na picha hiyo ishushwe siku hiyohiyo na kutengwa na nyingine.