Kuchomelea stenlesi bila kuiunguza

Stenlesi haipendi vitu viwili, uchafu na moto uliozidi.

Uchafu ndo rahisi. Brashi ya waya iwe ya stenlesi na isiguse chuma cha kawaida hata siku moja, diski ya grenda vilevile, maana vile vichembe vya chuma vinanasa juu ya bati alafu baadae unaona madoa ya kutu unaanza kulaumu bati. Futa mafuta kwa asetoni, ikauke kabisa ndo uwashe. Dawa za kusafishia zenye klorini achana nazo, mwanga wa kuchomelea unazigeuza gesi ya sumu.

Sasa moto, hapa ndo wengi wanaharibu. Stenlesi inapitisha joto kama theluthi tu ya chuma cha kawaida na inatanuka zaidi kwa karibu nusu, kwa hiyo joto linakaa palepale ulipochoma na bati linajikunja. Tumia TIG (kuchomelea kwa sindano ya tangsteni huku gesi ikifunika mshono) ya DC, yaani umeme wa mkondo mmoja, tochi upande wa hasi, gesi ya agoni tupu lita 8 mpaka 12 kwa dakika, na bati la mm 1.5 anzia ampia 40 au 50 hivi uone linavyoenda. Piga vidoti vya kushikilia karibukaribu, kisha choma kipande hapa hamia kule, na kabla ya kurudia mshono subiri ishuke chini ya nyuzi 150 za Selsiasi. Ikikaa sana kati ya nyuzi 450 na 850, kaboni inajishika na kromiamu pembeni mwa mshono, na kromiamu ndo inayozuia kutu, ikipungua pale kutu inapata njia.

Waya wa kujazia (namba ni za aina ya stenlesi na ya waya): stenlesi ya 304 weka waya wa 308L, ya 316 weka 316L, ukiunga stenlesi na chuma cha kawaida weka 309L.

Rangi ya mshono haidanganyi. Dhahabu uko poa, bluu punguza moto au ongeza mwendo, kijivu au nyeusi ushaunguza. Na ukifika mwisho usinyanyue tochi haraka jamani, acha gesi ifunike mpaka mshono upoe kidogo.

Kama ni bomba, ziba ncha uache kitundu cha kutolea hewa, ujaze agoni ndani, bila hivyo kwa ndani panatoka mabonge meusi kama sukari iliyoungua, na ukiangalia kwa nje huwezi kujua.

Moshi wake una kromiamu 6 inayosababisha kansa, kitambaa puani hakisaidii kitu. Vaa respireta (barakoa ya kuchuja hewa) yenye filta ya P100, ile inayonasa chembe ndogo sana, na vuta moshi utoke nje.