Somo: Kuzuia barua pepe za kughushi zinazotumia jina la kampuni yako

Itifaki ya SMTP, inayosafirisha barua pepe hadi leo, iliandikwa mwaka 1982 bila utaratibu wa kuhakiki mtumaji. Ndiyo maana tapeli anaweza kumwandikia mteja wako kwa anwani ya mhasibu wako, akamjulisha kwamba akaunti ya benki imebadilika, na malipo ya ankara yakaenda kwake bila nenosiri la mtu yeyote kuibwa. Ili kufuata somo hili unahitaji ruhusa ya kuhariri rekodi za DNS (daftari la mtandaoni linaloeleza huduma za kikoa) za kikoa chako, yaani jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani zako.

Hatua ya 1. Orodhesha kila kinachotuma barua kwa jina la kikoa: seva kuu, programu ya ankara, fomu ya tovuti, huduma ya matangazo. Usiiharakishe hatua hii, kwani utakachokisahau hapa ndicho kitakachokataliwa baadaye.

Hatua ya 2. Weka SPF, yaani rekodi ya DNS ya maandishi (TXT) inayotaja seva zilizoruhusiwa kutuma barua. Anayetumia Google Workspace pekee huandika:

v=spf1 include:_spf.google.com ~all

Rekodi ya SPF iwe moja tu kwa kikoa, na isizidi maulizo 10 ya DNS, la sivyo uhakiki hushindikana.

Hatua ya 3. Washa DKIM, ambayo hutia kila barua saini ya kidijitali. Chagua ufunguo wa biti 2048.

Hatua ya 4. Weka DMARC chini ya jina _dmarc:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@kikoachako

DMARC hudai kwamba kikoa anachokiona msomaji kwenye sehemu ya mtumaji kilingane na kile kilichopita SPF au DKIM. Thamani ya none hukusanya ripoti tu na haizuii chochote, na wengi huishia hapo wakidhani wamelindwa. Soma ripoti kwa wiki kadhaa, rekebisha kila mtumaji halali anayeshindwa, kisha panda hadi quarantine, inayopeleka barua za kughushi kwenye taka, na hatimaye reject, inayozikataa kabisa.

Hatua ya 5. Linda safari ya barua. TLS husimba mawasiliano kati ya seva, yaani huyafanya yasisomeke na wengine, lakini mvamizi aliyekaa njiani anaweza kuzilazimisha zizungumze bila usimbaji. MTA-STS, kanuni ya mwaka 2018 inayozitaka seva zitumie TLS, huziba mwanya huo. Mikataba na taarifa za mishahara zisimbwe zenyewe kwa S/MIME au OpenPGP, mbinu mbili za kusimba ujumbe wenyewe, mkikumbuka kwamba kichwa cha barua (pamoja na mada yake) kwa kawaida hubaki wazi.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, barua zinazopitishwa kutoka anwani moja kwenda nyingine zinashindwa SPF. Nifanyeje?
Jibu: Ni kawaida, kwa sababu seva inayozipitisha haimo kwenye orodha yako. Saini ya DKIM huendelea kukubalika iwapo barua haikubadilishwa, na DMARC hutosheka na mojawapo.

Swali: Tumefika reject, lakini tapeli amesajili kikoa kinachotofautiana na chetu kwa herufi moja.
Jibu: DMARC haimzuii huyo, ndugu yangu, kwa kuwa kikoa ni chake. Mhasibu asibadilishe akaunti ya malipo kabla ya kumpigia msambazaji kwa namba iliyokuwapo tangu awali, wala si ile iliyo ndani ya barua.

Swali: Tuna kikoa cha pili kisichotuma barua kabisa. Nacho kinahitaji haya?
Jibu: Naam. Kiwekee v=spf1 -all, maana yake hakuna seva iliyoruhusiwa, pamoja na DMARC ya p=reject leo hii; hakina mtumaji halali wa kuathirika.